Fahali wa Upande wa Baba

Iguhu, Kakamega

Mdogo wangu Kipkoech,

Mahindi yamechanua vizuri. Kifua changu ndicho kimegoma. Unajua huku mzee akifa, ukoo wa baba yake huleta fahali kumwomboleza. Jana mwanangu Sylvanus aliniuliza, "Mzee, wako ataletwa na nani? Au ulianguka kutoka mbinguni?" Nikajifanya nimesinzia.

Sijawahi kuwaambia watoto kwamba baba yetu alikuwa wa Kapchorwa, Uganda. Nililelewa na wajomba, nikafundisha watoto wa Kenya wimbo wa taifa, nikanyamaza. Sasa sijui mimi ni wa wapi.

Ukisikia nimekufa, njoo na fahali mmoja. Langoni Sylvanus atakuuliza wewe ni nani. Mwambie, tafadhali. Mimi nimeshindwa.

Kaka yako,
Ignatius