Ukuta Wangu na wa Mama Caleb

Umoja, Nairobi
4 Mei 1981

Kaka Nabiswa,

Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo hapo Kimilili? Kifua cha Mama kimetulia? Huku mume wangu Wamalwa ni mzima, kiwandani wamempa zamu ya mchana. Mimi mwilini siumwi. Ni roho, Kaka, na nisipokuambia wewe nitaingia wazimu.

Unamkumbuka jirani yangu Nthenya, yule Mkamba aliyekupikia muthokoi ulipotutembelea? Chumba chake na changu ni ukuta mmoja. Mtoto wake Caleb alikuwa na mchezo wa kugonga ukuta huo kwa kifuniko cha sufuria, kila asubuhi saa nne, huku akicheka. Unajua mimi nimezika wawili, na wa kwanza hakupata hata jina. Siku moja mwezi wa pili alicheka hivyo, wivu ukanishika. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mimi niliyeokoka, nikasema: "Mungu, mchukue na huyu, kama ulivyowachukua wangu."

Wiki tatu baadaye Caleb akafa kwa surua.

Nthenya anakuja kulia begani mwangu. Ananiita dada. Na ikifika saa nne nasikia kifuniko kikigonga. Nimetoka kuangalia, nikakuta mlango una kufuli, mwenyewe yuko bombani anafua. Kaka, nimemuua mtoto wa watu? Nifanye nini?

Dada yako mdogo,
Asenath


Kimilili
25 Mei 1981

Mpendwa dada Asenath,

Neema na amani. Mama anakusalimu. Kifua kimepungua, ila mdomo haujapungua hata kidogo. Jana kagombana na jogoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza, acha upuuzi. Mungu si kijana wa kazi atumwe na mwanamke mwenye wivu kwenda kuua mtoto. Surua imechukua wengi huku pia, na hakuna aliyewaombea mabaya.

Lakini dhambi ya moyoni ni dhambi. Nawe unaijua desturi yetu katika ushirika wa ndugu: uliyemkosea unamwendea, unamwambia kwa kinywa chako, hata kama hakujua. Mimi nilimwendea mwalimu wangu wa zamani nikamwambia nimemchukia miaka tisa. Alishangaa, akanipa chai. Tangu siku hiyo niko huru. Mwendee Nthenya, usimfiche kitu. Utue mzigo huo, utalala.

Kaka yako,
Nabiswa


Umoja
15 Juni 1981

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi tu wazima.

Nimekwenda. Ilikuwa Jumatano, Nthenya alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda chake nikamwambia yote, maneno yale yale niliyomwambia Mungu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ilikuwa siku gani?" Nikasema Jumanne. "Saa ngapi?" Nikasema saa nne. Akahesabu kwa vidole mpaka siku ile mtoto alipoanza kuwa na homa. Kisha akaingia ndani, akaniletea leso niliyomwazima siku ya mazishi, ameikunja vizuri. "Asante kwa kuniambia," akasema, akafunga mlango.

Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani bila kutaja jina. Ndugu wakaimba, wakanikumbatia. Na kweli, Kaka, nimelala kama mtu aliyelima kutwa. Kifuniko sikisikii tena.

Ila Mama Caleb (bado tunamwita hivyo) siku hizi hatoki. Saa nne nasikia anauegemea ukuta wetu, anaugonga kwa kidole, polepole. Nami nachukua ndoo nakwenda bombani.

Dada yako,
Asenath


Kimilili
6 Julai 1981

Dada yangu,

Haleluya! Barua yako nimewasomea ndugu, majina nimeyaficha, na Mama kalia kwa furaha. Sasa umekuwa huru kweli. Songa mbele, usitazame nyuma. Na jirani yako usimsahau katika maombi.

Kaka yako mwenye furaha,
Nabiswa


Umoja
18 Januari 1982

Nabiswa,

Natumai mko hai. Nimenyamaza miezi sita kwa sababu nina hasira, na tulifundishwa kwamba aliyeokoka hana hasira. Mimi ninayo.

Nthenya ana mimba ya miezi minne. Nilimwona akianika nguo, nikafurahi. Haki ya Mungu nilifurahi! Nikamwambia, "Nitakuombea." Ndoo ikamponyoka. Akaja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Nakusihi, usiniombee. Usitaje jina langu kwa Mungu, hata kwa mema." Jana wamehamia Dandora. Hakuniaga.

Tangu aliponisihi hivyo siwezi kuomba. Nikipiga magoti naziba mdomo, naogopa nitakachosema. Wewe uliniandikia kwamba Mungu hatumwi kuua mtoto. Mimi nilimpelekea Nthenya dhambi yangu tu, maneno hayo nikayaacha kwenye bahasha. Nawe hukuuliza kama nimemwambia. Nimemtwika mama aliyefiwa mzigo wangu, nanyi mkaimba!

Asenath


Kimilili
2 Februari 1982

Dada yangu,

Safari hii umeandika jina tupu mwishoni, wala sikulaumu. Mama hajambo. Sijamsomea barua hii.

Kuna jambo sikukuambia. Yule mwalimu alinipa chai, kweli, lakini hakunisalimia tena mpaka alipokufa. Nilifurahia uhuru wangu, sikumwangalia usoni. Nilipaswa kujua.

Ndani ya bahasha kuna barua ya kumpa Nthenya. Nimemwandikia kwamba Caleb alikufa kwa surua, hakufa kwa maombi ya mtu. Mpelekee, umwambie na wewe mwenyewe. Nisamehe, Asenath. Hasira yako niandikie yote, hata kurasa kumi.

Kaka yako,
Nabiswa


Umoja
21 Novemba 1982

Kaka Nabiswa,

Mama anaendeleaje? Sisi tupo.

Barua yako imekaa chini ya godoro miezi tisa. Niliogopa kumwendea Nthenya akiwa mjamzito. Majirani waliniambia amejifungua Juni, mtoto wa kike, wakanielekeza nyumba yao ya Dandora. Jana nikaenda.

Dirisha lilikuwa wazi. Mtoto alikuwa amekalishwa katikati ya mito, mkononi ana kile kifuniko cha Caleb, anakigonga sakafuni na kucheka. Nilisimama nikasikiliza. Kaka, niliutafuta wivu moyoni mwangu, sikuuona. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikabisha, "Hodi, Mama Caleb."

Akaitambua sauti yangu. Alimrukia mtoto akamziba mdomo kwa kiganja, akajikunja naye pale sakafuni. Nikasema mlangoni, "Caleb alikufa kwa surua." Nikarudia kwa nguvu, majirani wakachungulia. Nikaisukuma barua yako chini ya mlango.

Nilisimama barabarani muda mrefu nikisikiliza kama kifuniko kitagonga tena. Hakikugonga. Usiniambie nirudi.

Dada yako,
Asenath