Wimbo wa Mfereji wa Kilangali

Magomeni, Kilosa
4 Mei 2025

Dada Debora,

Shikamoo. Najua hunijui, lakini ipokee hivyohivyo. Habari za Mikumi, habari za kazi, habari za koo? Nauliza koo kwa sababu nikisikia unavyopiga kelele kwenye wimbo wa tatu huwa nashika la kwangu. Mimi ni mzima, kasoro aibu, na hiyo aibu ndiyo imenifanya niandike badala ya kupiga simu.

Naitwa Shamimu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi na mama mkubwa hapa Magomeni. Nyimbo za bendi yenu ya Kutu nilizipata kwa bahati. Nilimpelekea kaka anayerusha nyimbo kadi ya simu ya mama mkubwa amwekee kaswida, akachanganya mafaili. Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele, kaswida ikaisha, ukaanza wewe. Alitupa ungo! Akasema, "Shamimu, huyo anachinjwa au anaimba?" Nikamwambia anaimba, mama. Akasema, "Basi mwambie aache." Nikafuta mbele yake, ila nilikuwa nimeshanakili.

Huku ukisema unapenda panki, huu muziki wenu wa kupayuka, watu wanakuangalia nywele. Darasani hakuna wa kumwambia. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimuuliza swali anasimama, anaangalia dawati, halafu anaambiwa kaa. Lakini nikivaa spika za masikioni nahisi mtu mwingine anagombana kwa niaba yangu.

Sasa nikuambie siri nyingine. Napenda habari za mauaji ya kweli. Vipindi vya kusikiliza, vya Kiingereza, vile vya kueleza mpaka kisu kilikuwa cha aina gani. Nimejifunza Kiingereza kingi huko kuliko shuleni. Sijui kwa nini nazipenda. Nafikiri mtu mwoga akijua kila kitu kinavyotokea anaona hakitamtokea yeye.

Ndiyo maana wimbo wenu wa Mfereji ndio wangu. Yule dada wa Kilangali aliyeuawa Agosti mwaka jana na mchumba wake Bonifas, kisa amekataa kuolewa, akatupwa kwenye mfereji wa mpunga. Nimesoma yote yaliyoandikwa. Najua Bonifas alikamatwa lini na alisema nini mahakamani. Pale mnapopiga kelele "Bonifas! Bonifas! Mfereji unakuita!" nywele zinanisimama.

Wimbo wa mwisho ukiisha unasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenye neno aniandikie, Debora, chipsi za stendi ya malori, Mikumi." Hilo ndilo neno langu. Barua nampa konda wa basi.

Mdogo wako (kama utakubali),
Shamimu


Mikumi
18 Mei 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Marahaba, lakini punguza, mimi nina miaka ishirini na sita, usinizeeshe. Koo linaendelea. Mafuta ya chipsi yanalimaliza kabla ya muziki. Mama mkubwa mpe pole ya ungo.

Wewe ni mtu wa kwanza kuniandikia. Namaanisha wa kwanza kabisa. Teresia, anayepiga ngoma (ndoo mbili na pipa la maji), alidhani ni barua ya serikali ya mtaa kuhusu kelele. Tunafanyia mazoezi kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, Emanueli ana gitaa lenye nyaya nne, na majirani wameshasema kwamba tukiendelea wataleta simba kutoka hifadhini. Nikawaambia simba wana masikio, hawaji.

Kwa nini nilitunga Mfereji? Nilikuwa nafunga chipsi kwenye gazeti, nikaiona ile habari chini ya mafuta. Kuna mtu nami aliwahi kunikaba shingo kwa sababu nilisema sitaki. Mimi sikufa. Nikaandika wimbo palepale juu ya kaunta, chipsi zikaungua. Kilangali sijawahi kushuka, huwa napita tu. Wewe unajua mengi kuliko mimi! Ukipita huko uuangalie huo mfereji, halafu unieleze ukoje. Pengine nitaongeza ubeti.

Soma, mtihani wa Novemba hautakusubiri.

Dada yako (nimekubali),
Debora


Magomeni, Kilosa
16 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo tena, vumilia. Natumaini umeamka salama na mafuta hayajakurukia. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimefanya kitu, na wa kumwambia ni wewe peke yako.

Juzi Jumamosi nilimwambia mama mkubwa nakwenda tuisheni, nikaenda Kilangali. Nilitaka kuuona mfereji nikueleze, na nilitaka kuipiga picha nyumba ya yule dada. Nasema ukweli wote: nilitaka picha. Nilikuwa na sare ya shule na mtandio mweupe. Nimesimama njiani na simu, akatoka mama mmoja na beseni. Unamwona mtu mzima, unafanyaje? Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, karibu. Nikaingia uani. Akaniangalia akasema, "Umekuja kunipa pole ya Sesilia."

Hakuniuliza. Alisema tu. Na mimi mdomo ukafanya unavyofanya darasani. Halafu nikasema, "Ndiyo mama. Pole sana."

Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akalia. Akasema tangu matanga yaishe hakuna aliyerudi, watu wanaiogopa nyumba. Akaniuliza, "Mlikuwa marafiki?" Dada, nikatikisa kichwa kusema ndiyo.

Halafu akaona mtandio wangu. Akasimama akaita jirani ng'ambo ya uzio, "Mzee Mwinshehe! Njoo unichinjie, nina mgeni Mwislamu!" Wao ni Wakatoliki, wangeweza kujichinjia wenyewe. Nikasema mama nimeshiba, akasema, "Rafiki wa mwanangu haondoki hapa na maji matupu." Yule mzee akaja na kisu chake, akaelekea kibla, akamchinja jogoo. Na kuku wengine niliowaona pale uani ni wawili. Nilikula, dada. Ningekataaje? Niliogopa mfupa utanikwama kooni unisaliti.

Nilivyokuwa nakula akanionyesha picha ya Sesilia. Kwenye vipindi vyangu mtu aliyeuawa huwa hapendi wala hachukii chakula chochote. Sesilia alikuwa hali bamia. Alikuwa anachelewa kurudi kibaruani kwa sababu ya kupiga soga. Mimi najua urefu wa kamba iliyotumika na nilikuwa sijui kwamba hali bamia.

Bado sijamaliza. Akasema, "Kuna wimbo vijana wanapiga hapa dukani, mtu anapiga mayowe, unataja mfereji. Ni wa mwanangu?" Nikasema sijui, mama.

Tarehe mbili Agosti ni misa ya mwaka, wanafanyia nyumbani. Amenialika. Anataka nisimame niseme neno, mimi kama rafiki, maana hakuna rafiki mwingine aliyejitokeza. Nikaitikia.

Nifanye nini? Nikienda nikasema uongo mbele ya padri na watu wote, nimemwibia mtoto wake mara ya pili. Nikisema ukweli namwambia kwamba yule rafiki mmoja aliyepata hayupo. Nisipoenda, atamsubiri nani?

Mdogo wako,
Shamimu


Magomeni, Kilosa
6 Julai 2025

Dada Debora,

Shikamoo. U mzima? Konda anasema barua alikukabidhi mkononi na ulikuwa unacheka na wateja. Basi najua hujafa. Kama umenikasirikia niambie hivyo. Siku zinakaribia, na vipindi vyangu siwezi tena kusikiliza. Nikianza kusikia jinsi mtu fulani alivyokutwa amekufa, nauliza ni chakula gani alikuwa hali, na hawasemi.

Kutu bado nasikiliza. Mfereji naruka.

Mdogo wako,
Shamimu


Mikumi
20 Julai 2025

Shamimu mdogo wangu,

Salamu zangu ni nyingi na zina aibu. Mimi ni mzima. Nimeandika barua mbili nikazichana. Moja ilikuwa inakugombeza, nikaona nagombeza mtu aliyefanya nilichomtuma. Nyingine ilisema usiende, jifanye unaumwa. Hiyo niliichana haraka zaidi kwa sababu ndivyo ambavyo mimi ningefanya.

Wewe ulikwenda kupiga picha. Mimi hata picha sikwenda kupiga. Nilichukua mtoto wa mtu kwenye gazeti la chipsi nikamwimba, na watu wakanipigia makofi baa ya stendi, na nikajiona jasiri. Teresia alisoma barua yako (samahani, nilimpa), akasema, "Sasa sisi na huyo mpiga picha tofauti yetu ni nini?" Tangu siku hiyo hatujafanya mazoezi.

Nenda. Mwambie kabla misa haijaanza, sio mbele ya watu. Sema ni mimi nilikutuma, jina langu lote, na mahali nilipo. Akitaka kuja kunimwagia maji ya moto nipo hapa stendi kila siku.

Ungeniambia nije nawe ningesema nina kazi. Ukweli naogopa. Wewe mwenye aibu umenizidi.

Dada yako,
Debora


Magomeni, Kilosa
5 Agosti 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Afya ipo, mikono tu imechubuka, utaelewa kwa nini. Nimekwenda.

Nilifika mapema, nikamkuta mama Sesilia anafagia uwanja. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Nikasema, mama, mimi Sesilia sikumjua. Nilisoma habari zake. Nilikuja kupiga picha nyumba yako. Wimbo ule naujua, ni wa dada yangu wa Mikumi, anaitwa Debora. Nilimla jogoo wako kwa uongo.

Aliacha kufagia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hata siku moja hamkuonana?" Nikasema hata siku moja. Akasema, "Toka."

Nikageuka. Nimefika kwenye uzio, nikasikia mtu anapayuka nyuma. Ni mama yake mdogo Sesilia, anaitwa Hildegarda, mtu mnene wa kelele kama wewe. "We binti! Unakimbilia wapi? Kuku umekula, masufuria nikuoshee mimi? Rudi hapa! Ukimaliza vyombo ndiyo ufukuzwe vizuri!" Wanawake jikoni wakacheka, halafu wakanyamaza kwa sababu mama Sesilia hakucheka. Lakini hakusema tena toka.

Nikaosha. Masufuria ya msibani yale ya ubwabwa, ya kuingia mtu. Misa ikasomwa, mimi niko nyuma ya nyumba na jivu na mchanga. Ulipofika wakati wa rafiki kusema neno nikasikia kimya kirefu. Hakuna aliyesimama. Dada, kile kimya sitakisahau. Nilitamani ningemjua kweli.

Watu walipokwisha kula mama Sesilia akaja nyuma, akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Huo wimbo. Weka."

Nikasema mama, una maneno makali. Akasema, "Mimi nimemwosha mwanangu. Weka."

Nikaweka. Aliusikiliza wote, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Hildegarda alikuwa ameshika kiuno. Ulipoisha mama Sesilia akasema, "Rudia." Nikarudia. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Anapiga kelele vizuri. Mimi siku ile nilitaka kupiga hivyo, watu wakanishika, wakasema nyamaza, jikaze. Lakini mbona anaita Bonifas, Bonifas, mpaka mwisho? Bonifas ndiye aliyekufa? Mtoto wangu hana jina?"

Nimeujua wimbo huu kwa moyo tangu mwaka uanze, na sikuwahi kuliona hilo. Vipindi vyangu vyote ndivyo vilivyo. Wauaji nawataja wote. Waliouawa siwezi kukutajia hata watatu.

Akaondoka. Hakuniaga, na sikustahili. Hildegarda ndiye aliyenisindikiza barabarani, akaniambia, "Vyombo unajua kuosha. Uongo hujui, uache."

Sijui kama amenisamehe. Nakuandikia alichouliza kwa sababu swali ni lako pia.

Mdogo wako,
Shamimu


Mikumi
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Hujambo? Masomo yanakwendaje, na mikono imepona? Mama mkubwa anaendeleaje? Huku tupo, Teresia anakusalimu, Emanueli amepata waya wa tano.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nijibu kule, ndipo nikujibu wewe.

Jumapili iliyopita tulishuka Kilangali watatu, na ndoo zetu na gitaa bila spika. Nilipiga shikamoo mpaka kwa mbuzi. Mama Sesilia alikuwa anapepeta mpunga na mdogo wake. Nikajitaja. Hildegarda akanitazama juu mpaka chini, nywele zangu hizi, akasema, "Kumbe ndiye huyu. Nilidhani ni mkubwa." Mama Sesilia hakusema karibu. Alisukuma mkeka kwa mguu, tukakaa.

Nikamwambia, mama, Bonifas nimemtoa. Hayumo kabisa. Palipokuwa jina lake sasa ni la mwanao, ila sitaliimba kokote kabla hujalisikia, na ukisema hapana, wimbo unafia hapa uani. Akasema, "Imba nione."

Nimeimba baa, nimeimba harusini wakanizimia umeme. Sijawahi kuogopa hivyo. Teresia akapiga ndoo, kuku wakakimbia, na nikaanza. Kwenye kiitikio sauti ikakatika, Shamimu. Jina likakwama. Nikajaribu tena, likakwama, ngoma inaendelea na mimi nimefungua mdomo kama samaki. Nilikuwa mbele ya mtu aliyempa hilo jina.

Ndipo mama Sesilia akaweka ungo chini. Akasimama, akaangalia upande wa mashamba, akavuta pumzi.

"Sesiliaaa!"

Aliita mara moja tu, kwa sauti yote, kama unavyomwita mtu aliye shambani aje kula. Teresia akaacha kupiga. Kule ng'ambo ya uzio yule mzee aliyekuchinjia jogoo akasimama na jembe lake, akavua kofia. Hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.

Halafu akakaa, akachukua ungo wake, akaniambia, "Hivyo. Sasa endelea."

Dada yako,
Debora