Mkazo Niliomfundisha Happiness

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo Sista Helena katupa vitenzi vya Kihispania tuvikate silabi. Ha-blo. Ha-bló. Herufi zilezile! Ukikaza mwanzo, mimi naongea. Ukikaza mwisho, yeye aliongea. Ulimi wangu wa Kiswahili ukakaza mwanzo kote kote. Darasa zima likacheka. Happiness akapatia mara ya kwanza. Happiness! Niliyemleta mimi, nikamwombea nafasi kwa Sista.

Alhamisi, 5 Juni
Kambi moja ya watalii huko mbugani inataka mtu wa kupokea wageni wa Kihispania. Mmoja tu. Usaili Jumamosi ya wiki ijayo. Tunaenda mimi na Happiness. Sista kasema mbele ya watu kwamba Happiness ana sikio la lugha. Na mimi nina nini — pembe?

Jumapili, 8 Juni
Niko dukani kwa mama, mtaa wa Kashaulili. Nakata vitenge, nakata silabi. Ca-mi-na-ré. Tra-ba-ja-mos. Mama kauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Naumwa! Jana nilipita kwao Happiness, mtaa wa Makanyagio, nikamkuta anaosha vyombo huku anaviimba vitenzi. Anaimba! Mimi navitolea jasho.

Jumatano, 11 Juni
Happiness alikuwa na homa jana, somo la kumwomba mgeni kwa heshima limempita. Kaja dukani.
"Dada Rabia, nikitaka kumwambia mgeni asubiri, nakaza wapi?"
Ni katikati. Es-PE-re. Najua kabisa.
Nikasema: "Mwisho. Es-pe-RÉ."
Hiyo ni "nilisubiri".
Kanikumbatia. Eti Mungu anilipe.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika hapahapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya kambi. Happiness alikuwa ananishika mkono, macho kafumba, ananong'ona: esperé, esperé. Kasema bila mimi angekuwa amesharudi nyumbani.
Wakamwita yeye kwanza. Kasimama.
"Happy, ngoja —"
"Nini, dada?"
Wakamwita tena. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa! Nikasema: "Kola yako imekunjika." Nikaiweka sawa. Akaingia.
Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia wanacheka naye, wamempenda. Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena. Sasa yule baba anayemsaili anamwambia: haya, mgeni amefika, chumba bado hakijawa tayari, mwombe asubiri.

Anavuta pumzi —