Wali wa Arobaini Niliowapa Sisimizi Wako

Baba,

Amani iwe nawe huko uliko. Naanza na kosa langu, maana ungekuwepo ungeliona kabla sijavua viatu. Nimekaribia kuwaua sisimizi wako wote.

Bado wako pale pale karibu na dirisha, katikati ya vioo viwili ulivyovibandika mwenyewe, wewe fundi uliyetia vioo nusu ya madirisha ya Rumonge. Ulijaza mchanga, ukamtia malkia mmoja uliyemwokota baada ya mvua ya kwanza, ukangoja. Mama alisema, "Nyumba iko na wadudu ya bure, na weye unatafuta ya kufuga!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nilijifanya niko upande wake, lakini jioni nilikuja kukaa nawe, tukiwatazama wanavyogombania punje ya sukari kama wachukuzi wa soko la samaki.

Siku arobaini zilipotimia tulikusomea hitima. Walikuja watu wa Muhuta, wakaja mpaka wa Nyanza-Lac, na hakuna aliyeondoka bila kula. Nikiwa nagawa sahani niliwaona wadudu wako nyuma ya kioo, roho ikaniuma. Na wao si wafiwa? Nikachukua kijiko cha wali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mawese yakitiririka kama tunavyopenda sisi, nikakimimina kwenye tundu lao la juu. Wewe uliwapa tone la maji ya sukari kwenye pamba, siku zote, si zaidi. Nilijua. Lakini mtu gani wa Rumonge anakumbuka kipimo cha mawese siku ya sadaka ya baba yake?

Kesho yake mafuta yalikuwa yameteremka mpaka chini. Walinata, Baba. Wengine walikufa wameshikana. Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi, siku ile majirani walinisifu kwamba nimejikaza. Katika vitu vyako vyote, hawa tu ndio waliokuwa bado wanatembea.

Mama alikuja, akatazama. Alikwenda kwenye sanduku lake akatoa ile pamba iliyobaki siku ya kukukafini, ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Akaichana vipande. Tukafungua kioo, jambo ulilotukataza, tukafyonza mafuta, tukawatoa mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku. Malkia tulimkuta kwenye kona, mguu mmoja umelowa, watoto wake wanamlamba. Akapona, lakini hakutaga. Wiki zikapita bila yai hata moja, na waliobaki wakazidi kupungua. Asipotaga, nyumba yako itakwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Hofu hiyo ndiyo niliyokuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Nilikukumbuka sana siku hizo. Wala si kwa mambo makubwa. Nilitaka tu uje uiname pale, miwani yako igonge kioo, uniambie kama malkia ni mzima au la. Nimejaribu kuivaa hiyo miwani. Sioni kitu, nakuwa na kizunguzungu tu.

Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa unamwita Mama: "Mama Zuhura, kuya uone!" Naye anajibu kutoka jikoni kwamba wali unaungua, hata siku ambayo hatukupika wali. Sasa sikiliza. Leo asubuhi nilikuwa nafagia uani, nikasikia sauti yake kutoka ndani, sauti ya furaha ambayo nilikuwa nimeisahau: "Baba Zuhura, kuya uone! Iko na mayai!"

Nikatupa ufagio, nikaingia. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi yanamtoka, kidole cha mkono wa pili bado kiko kwenye kioo. Nikainama kando yake. Kweli yapo, Baba, meupe, madogo kuliko chembe ya chumvi, na malkia amesimama juu yake. Nikamwambia, "Nimeyaona." Akaitikia kwa kichwa, akaniegemea.

Mola akurehemu, Baba, akupe mapumziko mema. Mawese hawatayaonja tena, hilo nakuahidi. Na Mama kila atakapokuita, nitaitika mimi.

Mwanao,
Zuhura