Mfuniko wa Maziwa na Mdomo wa Baba

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafua tu. Mgongo unaendeleaje?

Mkaguzi wa hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, ameyakataa madai yetu juu ya mfuniko wako. Anasema mifuniko ipo tangu zamani, springi zipo tangu zamani, na fundi yeyote angeviunganisha ili maziwa yasifurike. Eti ni jambo dhahiri! Tunakata rufaa. Lakini Baba, nani alikutuma umwandikie? "Ni kitu kidogo tu, hata mtoto angekiweza." Amekunukuu neno kwa neno. Tukishindwa, kile kiwanda kinachouiga mfuniko wako kitauuza bila hata kukuuliza.

Nitafutie fundi aliyejaribu kuutengeneza akashindwa, awe shahidi kwamba halikuwa jambo dhahiri.

Mwanao, wakili wako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, moyo ndio umechafuka. Ulitaka nijisifu? Mtu hajisifii kazi ya mikono yake, tuliambiwa hivyo tangu utotoni. Na huyo mkaguzi, amewahi kuchemsha maziwa?

Aliyeshindwa ni baba yako mkubwa. Tulianza pamoja, akaunguza nusu ya karakana, nikamwita mjinga mbele ya wateja. Kaka yangu mkubwa! Akaondoka. Anakaa mtaa huu huu, tunapishana kama hatujuani. Simwombi. Bora wauchukue huo mfuniko.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sote wazima, ingawa hukuuliza.

Nimemwomba mimi. Alikubali hata kabla sijamaliza kueleza. Siku ya shauri wewe kazi yako ni kukaa kimya. Nakusihi. Ukiulizwa, kohoa.

Mwanao

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mgongo umepoa baada ya safari?

Nilikuambia ukae kimya! Mwenyekiti wa baraza la rufaa alipomuuliza Baba Mkubwa, "Labda wewe hukuwa fundi mzuri?" naye akainamisha kichwa na kujibu, "Labda," ukasimama bila kuitwa. Nilitamani ardhi inimeze. "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Kazi ile ilikuwa ngumu. Hata mimi iliniliza." Maisha yangu yote sijakusikia ukisema kazi ni ngumu.

Uamuzi umetoka leo. Madai yote yamekubaliwa. Wameandika kwamba jambo lililomshinda fundi wa namna ile haliwezi kuitwa dhahiri.

Baba Mkubwa bado hajui. Mimi simwandikii, nimechoka kuwa tarishi wa watu wa mtaa mmoja. Vaa viatu, Baba, uende ukamwambie.

Mwanao