Mboga Zangu Umeziita za Magasin

Mume wangu, roho yangu,

Nakupenda, na nimekasirika sana. Yasome yote mawili kwa pamoja.

Unakumbuka ile wiki baada ya harusi, hapa kijijini Kipese? Wengine hutembea na kupiga picha. Sisi tulikata kabichi na karoti. Ulikuwa umeniambia kwamba kwenye meli yenu, mkitoka Kisangani kushuka mto, mboga mbichi zinaoza siku ya tatu, na wewe mpishi unabaki kuwapa mabaharia ugali wa fufu na samaki wa chumvi. Nikasema, basi tuzikaushe. Nilizichovya kwenye maji ya moto, wewe ukazitandaza kwenye nyungo. Mvua ilipokuja tulikimbia nazo tukicheka, ukanibusu mbele ya mama yako. Nilijiona malkia. Gunia zima la karoti likaingia kwenye ndoo moja. Ukasema, "Bibi yangu, bateau yote, meli nzima, itajua mukono wako."

Jana nilikupigia simu, akapokea fundi wa injini ya meli yenu.

"Madame, bwana yako iko naosha masufuria. Ile mboga ya kukauka iko bien, nzuri kabisa. Lakini mara ya kwanza alitia nusu ya ndoo, ikavimba mpaka ikajaza sufuria, tukakula siku mbili."

Nikacheka. Nikamwuliza kama mnajua ni nani alizikausha.

"Ni mashini. Alisema aliinunua mu magasin, duka moja ku Beni. Kapiteni alimuuliza kama ni bibi yake, akasema hapana, bibi hawezi kukausha chakula ya bateau."

Bibi hawezi. Wewe ndiye uliyesema hivyo? Uliogopa wakucheke? Vidole vyangu bado vina alama za kisu. Kwetu watu wakionja chakula cha bibi-arusi hulitaja jina lake. Wewe umewalisha wanaume kumi na wawili jasho langu, sifa ukaipa mashini ambayo haipo.

Mama yako anasema nikusamehe, wanaume wa meli wana aibu. Aibu ya nini, mpenzi? Ya kuwa na mimi?

Ndoo ya pili imejaa. Lori la Kisangani linapita Butembo Jumamosi. Simama mbele yao wakiwa wanakula, useme jina langu, kisha fundi anipigie. Asiponipigia, lori litaondoka bila ndoo, na mboga zikiisha, kapiteni akuulize wewe hiyo magasin iko wapi.

Nakukumbatia kwa hasira yangu yote,

Bibi yako wa wiki tano