Mti Wetu Umehamia Ukutani

Tetu,
S.L.P. 214,
Nyeri.
12 Mei 1968

Mpendwa mdogo wangu Theuri,

Pokea salamu zetu huko Kampala, hata kama zitakufikia zimelowa, maana huku mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata leso. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Unakula, au unapaka rangi tu? Sisi hatujambo. Mama bado anasumbuliwa na goti, lakini ukimwambia apumzike ndipo anaposhika jembe.

Picha yako ilifika salama mwezi uliopita. Gatimu, yule mwenzako wa chuoni, aliileta imeviringwa ndani ya gunia. Ulimwandikia mama ati ni ule mti wetu mkubwa wa juu ya shamba. Ndugu yangu, nilicheka. Shina la buluu, mizizi inapanda mawinguni, na jani hakuna hata moja.

Niliitundika sebuleni nikaketi kumenya viazi. Nikawa namenya na kutazama, namenya na kutazama, mpaka nikajiona natembea ndani ya lile shina, mahali penye ukungu, na sauti za watu tuliowazika zikizungumza polepole karibu nami. Sikuogopa. Nilipozinduka, moto ulikuwa umezimika. Sasa naamini hukuchora mti, ulichora vile ulivyo ndani, na inaniuma kwamba huko ndani unakaa peke yako.

Niko na jambo gumu la kukwambia. Mti wenyewe umeanguka. Ilikuwa Jumanne iliyopita, mchana, mvua ikinyesha. Hakuna aliyeumia. Nimelia, nawe ukilia hakuna atakayekucheka.

Unakumbuka kwa nini babu Wamae aliuacha. Alipofyeka msitu apate shamba, aliacha mti mmoja mkubwa ili roho za miti aliyoikata zipate pa kukaa, zisihangaike kwenye mazao. Na huo ukianguka, tawi lake huegemezwa kwenye mti mwingine mkubwa, roho zihamie huko. Lakini tangu tupande chai, mti mwingine uko wapi? Kwetu sasa ni chai mpaka mtoni.

Baba, mzee wa kanisa, alisema hayo ni mambo ya zamani, akaenda kunoa shoka. Wamjua alivyo. Tangu uache masomo ya kilimo ukashika brashi, ni miaka miwili hajalitaja jina lako. Hata picha ilipokuja, kila jioni alikuwa akiketi ameipa mgongo.

Basi Ijumaa nimetoka kuchuma chai, namkuta sebuleni peke yake, koti linachuruzika maji. Alikuwa amevua kofia, ameshika tawi la ule mti. Akaliegemeza ukutani taratibu, ncha yake ikigusa picha yako. Nilisimama mlangoni nisijue kama nikohoe au nirudi nje. Hakugeuka. Akasema, "Mwandikie Theuri. Mwambie nimemletea wageni, awatunze."

Alikutaja kwa jina. Mama alisikia akiwa jikoni, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaja kusimama nami. Chakula kiliungua, tukakila hivyo hivyo.

Tawi bado liko pale. Mchungaji akija tutasema ni fimbo ya mzee.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Magdaline wa Mukurweini anauliza kama umenenepa, na mwanangu Mutahi anataka umchoree ng'ombe, lakini awe wa rangi ya ng'ombe. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akupe watu wema huko ugenini.

Jana baba, akijifanya anatafuta miwani, aliniuliza chuo chenu hufungwa lini. Nilimwambia sijui. Mjibu wewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Wamucii